Moto wa Permelia

Hobert Teague alikataa kiti. Orlena alipomwona amesimama barazani, kofia mkononi, macho yakizunguka kwenye matandiko yaliyoanikwa, alijua huyu hakuja kwa heri. Mtu wa milima ile akikataa kiti chako ana neno ambalo hawezi kulisema akiwa ameketi.

Hobert alikuwa nyapara wa waashi kwenye hifadhi mpya, na mume wa Orlena, Arvil Stiltner, alikuwa mmoja wa waashi hao. Vijana wa kambi ya serikali walikuwa wamejaa bonde zima, wengi wao watoto wa mjini. Walichimba barabara, wakabeba magogo, wakapanda misonobari, lakini hata mmoja hakujua kulaza jiwe juu ya jiwe. Ndiyo maana wakachukuliwa wenyeji watano wenye ufundi, na Arvil akawa wa kwanza kuitwa. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe miaka mitatu nyuma, hicho ndicho kibarua cha kwanza alichopata, na unga, kodi na viatu vya nyumba ile vilitoka humo tu.

Hobert akaeleza shida yake. Nyumba kubwa ya wageni imeshaezekwa, ila meko ya ukumbini hayana mawe. Bwana Whitlock aliyechora ramani, kijana wa buti ndefu, hayataki mawe ya machimboni. Anataka mawe makuukuu, yaliyoota kuvu upande wa nje na kula moshi upande wa ndani, ili mgeni akiingia adhani yamejengwa na babu wa babu zetu. Dohani zote za bonde, zile za mawe zinazopandisha moshi kutoka mekoni, zilikuwa zimeshabomolewa pamoja na nyumba za watu waliouza mashamba na kuondoka. Ilibaki moja.

"Unaijua," akasema.

Orlena aliijua. Ilikuwa ya mama mkwe wake. Bi Permelia Stiltner, mwanamke wa miaka sabini na minane, alikuwa amekataa kata kata kuuza mpaka alipopewa karatasi: ataishi ndani ya nyumba yake mpaka afe, au mpaka ahame kwa hiari yake mwenyewe. Bonde zima lilimwita Shangazi, na Hobert naye alimwita hivyo. Tena yeye alikuwa na haki zaidi ya wengine, maana mama yake alipokufa, ni mkate wa mahindi wa Permelia uliomkuza.

"Ana karatasi yake," Orlena akasema.

"Nani kasema hana? Mimi nasema tu, mawe yasipopatikana kabla theluji haijakaza, kazi ya uashi inasimama. Na mwashi akisimama halipwi." Akaigeuza kofia. "Halafu yule mama anakohoa. Nimempitia juzi, kifua kinakwaruza kama msumeno. Baridi hii yote, peke yake kule juu? Mngemleta hapa mpaka majani yachipue. Hilo sasa ni jambo la utu, sizungumzii kazi."

Orlena hakuwa mjinga. Aliyasikia mambo mawili yaliyosemwa kama hayahusiani, akajua ni watoto wa tumbo moja. Lakini kikohozi kilikuwa cha kweli, na njaa aliiogopa kuliko alivyomwogopa Hobert. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu nzuri.

Jioni Arvil alirudi amenuna. Alimaliza maharagwe yake, kisha akasema kwamba siku nzima alikuwa anabomoa ukuta wake mwenyewe. Bwana Whitlock aliutazama, akaona umenyooka mno. Alitaka mistari iyumbe na pembe zipishane, ionekane kazi ya mkulima asiyejua lolote. Baba yake Arvil alikuwa mwashi, babu yake pia, na timazi aliyotembea nayo mfukoni, kile kipimo cha uzi cha kunyooshea ukuta, ilikuwa ya babu huyo.

"Kaniambia niiache nyumbani," akasema. "Mbele za watu. 'Jaribu kusahau unachokijua, Stiltner.' Basi nikajenga kama mlevi, akanipiga bega, akasema sasa umepata."

Orlena alianza kucheka, akaona hakuna cha kuchekesha. Hapo ndipo alipomwambia habari ya kumleta mama. Alitaja kikohozi, akataja baridi. Habari ya mawe aliimeza pamoja na kahawa. Arvil akasema mama yake hatoki kule hata kwa winchi, moto wake atamwachia nani?

"Tutakuja nao," Orlena akasema. Akajiona ana akili.

*

Moto ule ulikuwa na miaka mia moja na minne. Babu wa marehemu mume wa Permelia aliuvusha mlima ndani ya chungu cha chuma, akauweka mekoni, na tangu siku hiyo haukuzimika. Kila jioni makaa yalilazwa chini ya majivu, kila asubuhi yakaamshwa kwa magunzi ya mahindi na kijiti kikavu. Watu wengine wa bonde walikuwa na mioto ya miaka thelathini, arobaini. Ya wote iliondoka nao walipouza, kila mmoja na chungu chake.

Orlena alimkuta kikongwe mbele ya meko akimenya matufaha ya kukausha. Permelia alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akatupa ganda motoni.

"Kukaa kwenu sikatai. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe bado naliweza." Akaelekeza ncha ya kisu kwenye makaa. "Huyu je? Nani atamlaza, nani atamwamsha?"

"Tunakwenda naye, Mama. Chungu nitabeba mimi."

"Hujawahi kubeba."

"Nitajulia njiani."

Permelia alimtazama mkwewe, na uso wake ukalegea. Miaka kumi na moja alikuwa amemwona Orlena kama mtu wa majiko ya bati, asiyejua thamani ya kitu, na leo anaambiwa na huyo huyo kwamba moto usiachwe. Akainuka mwenyewe. Akatandika majivu, akachagua makaa ya mti mgumu, akayafunika tena kwa majivu, akaweka kifuniko. Kisha akafagia meko mpaka jiwe likang'aa, ili akirudi akute pasafi.

Njia ya kushuka ilipita pale pale kwenye ujenzi. Orlena alitangulia na chungu, mikono ikimuuma, na Permelia alifuata na fimbo yake. Waashi walipouona moshi mwembamba ukitoka chini ya kifuniko waliacha nyundo wakavua kofia. Kule kwao moto ukipita ndani ya chungu, ni nyumba nzima inayopita. Vijana wa mjini waliangaliana, hawakuelewa. Hobert Teague naye alivua yake, na alikuwa wa mwisho kuivaa tena. Orlena alidhani ni heshima, akasikia fahari.

*

Siku ya nne alikuja Bwana Crandell, msimamizi wa hifadhi, pamoja na Hobert. Bwana Crandell alikuwa mtu mpole sana. Alifuta viatu mlangoni, akakubali kahawa, akaulizia kifua cha Permelia, akasema anafurahi kumwona mahali penye joto. Arvil alikuwa kazini. Bwana Crandell akafungua daftari juu ya goti.

"Bibi, umeihama ile nyumba?"

"Sijahama. Nimekuja kwa mwanangu mpaka baridi iishe."

Bwana Crandell akamgeukia Hobert. Hobert alikuwa akilitazama jiko la bati.

"Shangazi," akasema, "moto uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Na kule mekoni umeacha nini?"

"Niache nini? Nimefagia."

"Basi mwambie bwana. Kwetu sisi, mtu akienda kutembea hubeba moto wake?"

Kikongwe akamgeukia bwana. Maisha yake yote hakuwa amejifunza uongo, na aliyemuuliza alikuwa mtoto aliyemlisha. "Hapana," akasema. "Moto hubebwa na anayehama." Ndipo akasikia alichokisema. "Lakini ningemwachia nani, Hobert? Niambie wewe. Ningemwachia nani?"

Bwana Crandell alikuwa anaandika. Hakuhitaji sahihi, alisema. Maneno ya mwenyewe, mbele ya shahidi mwenyeji anayejua mila, yalitosha. Alisema pia kwamba mila hizi ni nzuri mno na ni huzuni kuona zinapotea. Akamshukuru Orlena kwa kahawa, ambayo hakuimaliza.

Walipoondoka, Permelia alibaki ameketi vile vile, mikono mapajani.

"Ni wewe uliyesema tuubebe," akasema.

Hakusema kwa hasira, na Orlena alitamani angesema kwa hasira. Alikoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa anamwaza Hobert, na wakati ule ule alijua kwamba nguo ile Hobert hakuivaa peke yake.

Arvil alirudi na habari nyingine. Dohani ingebomolewa kesho, na yeye ndiye aliyepewa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuyapa mawe namba kwa chaki na kuyarudisha kila moja mahali pake. Aliapa haendi. Alisema heri ale nyasi. Orlena alimwacha aape mpaka achoke, kisha akamwambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisahau tena.

"Usipokwenda wewe ataenda mwingine, na mshahara utaenda naye. Mawe yatashuka tu."

Arvil alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Permelia akasema kutoka kwenye kona yake, "Nenda wewe, mwanangu. Mwingine atayavunja."

Akaenda. Ilimchukua siku mbili. Siku ya tatu vijana wa kambi waliichoma nyumba iliyobaki kwa mafuta ya taa, ili isiharibu mandhari. Moshi ulionekana vizuri kutoka kwa Orlena. Permelia alitoka nje na shali yake akauangalia mpaka ukaisha, kisha akaingia kulala saa tisa mchana.

*

Jiko la bati si meko. Linakula kuni haraka na majivu yake hayatunzi kitu. Orlena alijitahidi, na huenda hakuna mkwe aliyewahi kujitahidi vile. Alilaza makaa jioni, akayaamsha alfajiri, na Permelia akimwelekeza kutoka kitandani, maana kikohozi kilikuwa kimeshuka kwenye mapafu. Kikongwe hakumtukana wala kumlaumu. Kila asubuhi, kabla hajaomba maji, aliuliza, "Ameamka?" Orlena akajibu, "Ameamka, Mama."

Februari, baada ya siku tatu za homa kali ambazo Orlena hakufumba macho, usingizi ulimchukua kitini. Alipozinduka kumekucha. Akafungua mlango wa jiko, akatia kijiti, akafukua, akatia mkono mzima. Majivu yalikuwa baridi mpaka chini.

Miaka mia moja na minne, na aliyeizima ni yeye. Nyuma yake blanketi likasogea. Orlena akainua mkono juu ya rafu, akashusha kiberiti kilichokaa kwa ajili ya taa, akakwangua kijiti ndani ya aproni ili sauti isisikike.

"Ameamka?"

"Ameamka, Mama."

Homa ilishuka wiki ile, na Permelia mwenyewe alisema ni moto uliomponya. Arvil hakuambiwa. Kuna mambo ambayo mtu akimwambia mmoja, amewaambia wote.

*

Nyumba ya wageni ilifunguliwa Juni, siku ya jua kali. Juma moja kabla, Bwana Crandell alileta ombi: wakubwa wanakuja kutoka mji mkuu wa jimbo, na watu wa magazeti, na lingekuwa jambo la kupendeza kama moto wa kwanza ungekuwa ule wa Bibi, wa miaka mia. Orlena alisubiri mama mkwe wake akatae. Alimwomba Mungu akatae.

"Nitakuja," Permelia akasema. "Nataka kumwona akiwaka kwake, mekoni."

Asubuhi hiyo alivaa nguo yake nyeusi ya kanisani. Orlena aliyachota makaa yote jikoni, hata la mwisho, ili moto usimwaibishe mtu mbele ya kamera, akasomba na majivu. Getini kulikuwa na kiingilio cha senti kumi kwa kila kichwa. Kijana wa getini hakuwa na habari nao, na Arvil, aliyeijenga nguzo ya geti lile, alisimama akipapasa mifuko mitupu mpaka Hobert alipokuja akasema hawa wanapita kwa mlango wa jikoni. Humo walikaa kati ya madumu ya maziwa hadi walipoitwa. Wageni walipewa viberiti vidogo vya karatasi vyenye picha ya meko, na mhudumu mmoja, kwa wema, akamtilia Orlena kimoja mfukoni.

Ukumbi ulijaa watu waliokuwa wakijipepea kwa kofia. Permelia alisogea mpaka mbele ya meko yake. Akayatazama. Aliyajua mawe yote: lile lenye ufa wa jembe, lile alilonolea visu, lile jeusi alilomwegemezea Arvil akiwa mtoto mchanga amkaushe akishamwogesha. Yote yalikuwepo, na hakuna hata moja lililokaa sawa. Mstari ulipanda na kushuka, pembe zilitokeza, na jiwe la visu lilikuwa limegeuzwa juu chini.

"Arvil," akasema, na ukumbi ulikuwa kimya kwa hiyo kila mtu akasikia, "nani alikuharibu mkono, mwanangu?"

Watu wakacheka. Bwana Whitlock alicheka kuliko wote, akaeleza kwa sauti kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote, kwamba hata mwenye mawe mwenyewe amedanganyika. Arvil alitazama sakafu. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeikamata timazi ya babu yake.

Kisha Orlena akafungua chungu, Permelia akayamimina makaa, akatia kijiti na gamba la mti, akapuliza. Moto ukashika. Mkubwa mmoja akahutubia juu ya mababu na mwali ambao haujazimika kwa karne nzima, na mwenye kamera akaomba Bibi ageuze uso kidogo. Permelia akageuza. Alikuwa anatabasamu. Tangu Oktoba Orlena hakuwa ameliona tabasamu lile, na alisimama nyuma ya wale watu na chungu kitupu, akajichukia kwa roho yake yote.

Picha zilipokwisha, wageni wakaanza kwenda kwenye meza ya chakula. Joto lilikuwa halivumiliki. Meneja wa nyumba, mtu mnene mwenye leso shingoni, alimwita mpishi akamwambia auzime huo moto kabla watu hawajazimia. Mpishi alikuja na ndoo. Permelia alikuwa bado amesimama pale pale, hatua mbili tu, na alidhani ni maji ya kunywa. Akanyoosha mkono kupokea.

Mvuke ulimfika usoni. Maji meusi yakatiririka juu ya jiwe alilolifagia miaka sitini, yakaingia chini ya viatu vyake vya kanisani. Mpishi alisema samahani, Bibi, akachukua ufagio.

Arvil aliruka mbele, lakini Hobert alimdaka mkono. Akamwambia taratibu asijiharibie jina bure, maana barua ya sifa itaandikwa kwa kila mwashi. Kazi yenyewe imekwisha leo, hakuna mawe tena ya kujenga. Alikuwa amepanga kumwambia baada ya chakula.

Walitoka kwa mlango wa jikoni. Permelia alitembea katikati yao. Orlena aliona ni afadhali kusema, kwamba kilichomwagiwa maji ni kijiti cha kiberiti cha Februari tu, kwamba hawakumzimia chochote. Kisha akayatazama maneno hayo upande wa pili, akaona kwamba huko ndiko kuna jambo baya zaidi: aliyeuzima ule wa kweli ni yeye.

Kwenye kona ya mwisho Permelia alisimama kuvuta pumzi. Akamshika mkwewe mkono.

"Si neno," akasema. "Wajinga hawa. Mzizi wake uko nyumbani jikoni. Hukuchota wote, Orlena?"

"Ah, Mama. Nitachotaje wote? Yupo."

Kikongwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Orlena akampa Arvil chungu, akasema yeye anatangulia kuweka maharagwe, wao waje polepole, jua ni kali. Alitembea haraka, na alipopita mti wa pembeni, asikoonekana, akakimbia. Kiberiti chenye picha ya meko kilikuwa mfukoni mwa aproni. Alikitoa kabla hajafika kwenye ngazi.